Nzi wa maua: Mlinzi wa shamba anayedhaniwa kuwa nyigu

UKUNGU wa asubuhi unapoinuka katika mashamba ya Githongo, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, wadudu wadogo wenye milia ya manjano na nyeusi huanza kuonekana juu ya maua ya sukuma wiki iliyokomaa, ya dania na ya kishonanguo. Huganda hewani bila kusonga mbele wala nyuma, kama kitu kilichotundikwa kwa uzi usioonekana, kisha hutoweka ghafla na kujitokeza hatua mbili kutoka hapo.

Wakulima wengi huwaita nyigu na kuwakwepa. Wengine huwadhania nyuki. Wadudu hao si nyigu wala si nyuki. Ni nzi, tena nzi wasiouma wala kudunga, na ambao, isipokuwa wachache mno, hawadhuru zao lolote.

Wanasayansi huiita familia yao Syrphidae. Katika makala haya tutawaita nzi wa maua, jina linalowafaa kwa kuwa maua ndiyo meza yao. Zaidi ya spishi 6,000 zimekwisha kuelezwa kote duniani, na takriban 600 kati yazo hupatikana barani Afrika kusini mwa Jangwa la Sahara. Hakuna bara wasilolikalia isipokuwa Antaktika.

Sababu ya kuwajua si udadisi mtupu. Githongo, iliyoko katika eneobunge la Imenti ya Kati, Kaunti ya Meru, ni mahali ambapo chai, kahawa, ndizi, viazi, maharagwe na mboga hukaribiana kiasi kwamba dawa inayonyunyiziwa zao moja huwafikia wadudu wa zao jingine. Hali ni iyo hiyo ukivuka kuelekea kusini hadi Chuka, Runyenjes na Embu. Mkulima asiyeweza kumtofautisha mdudu mharibifu na yule anayemla mharibifu huyo huwaua wote wawili, na hulipia dawa ya kuwaua.

NI NZI, SI NYIGU

Hatua ya kwanza ya utambuzi ni kuhesabu mabawa. Nyuki na nyigu wana mabawa manne, ilhali nzi wote wana mawili. Mahali pa mabawa ya nyuma, nzi wana vijiti viwili vifupi vyenye vichwa kama virungu, ambavyo huwasaidia kudumisha mizani ya mwili wanaporuka. Vijiti hivyo, pamoja na misuli ya kifua, ndivyo vinavyomwezesha nzi wa maua kuganda hewani hata upepo unapovuma. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa, na ni nadra usemi huo kupata mfano bora kuliko huu.

Hata hivyo, kuhesabu mabawa ya mdudu anayeruka ni rahisi vitabuni kuliko shambani. Lililo jepesi zaidi ni kumtazama usoni anapotua. Nzi wa maua ana macho makubwa yanayochukua karibu kichwa kizima, na vipapasio vyake ni vifupi mno, mara nyingi kama nukta mbili katikati ya uso. Nyigu ana macho membamba yaliyo pembeni na vipapasio virefu anavyovitikisatikisa kila anapotembea. Tazama pia kiuno. Cha nyigu kimebanwa kama kwa kamba. Cha nzi wa maua hakionekani kabisa, maana tumbo limeungana na kifua kwa upana.

Vipo viumbe vinavyovuruga kanuni hizi. Katika jenasi ya Ceriana na Monoceromyia, ambazo nazo ni za nzi wa maua, vipapasio ni virefu na kiuno kimebana, hivi kwamba hata mtaalamu hulazimika kutazama mara mbili. Hao wameiga nyigu kwa ukamilifu.

Uigaji huo ulielezwa kwa mara ya kwanza na Mwingereza Henry Walter Bates mwaka wa 1862, baada ya kuchunguza vipepeo katika bonde la mto Amazon. Ndege aliyewahi kudungwa na nyigu huepuka kila chenye milia ya manjano na nyeusi. Kiumbe asiye na mwiba, akivaa sare hiyo, hunufaika na uchungu ambao hakuusababisha yeye. Bahati mbaya ni kwamba sare inayomwokoa kwa ndege ndiyo inayomponza kwa binadamu.

Kwa anayetaka uhakika, alama ya familia nzima imo ndani ya bawa. Katikati ya bawa la nzi wa maua hupita mkunjo unaofanana na mshipa lakini haujaungana na mshipa wowote. Wataalamu huuita mshipa wa uongo. Fauka ya hayo, karibu na ukingo wa nje wa bawa, mishipa hujipinda na kwenda sambamba na ukingo huo, kama mpaka wa pili ulio ndani ya ule wa kwanza. Simu ya kisasa yenye kamera nzuri huweza kuunasa mkunjo huo mdudu akiwa ametulia juani.

Ni vyema pia kukumbuka kwamba si kila kinachoelea ni nzi wa maua. Kuna nzi wengine wenye manyoya mengi na mdomo mrefu uliochongoka mbele kama sindano, wa familia ya Bombyliidae, ambao nao huganda hewani. Madume wa nyuki wanaotoboa mbao hufanya vivyo hivyo wanapolinda makao yao.

Kosa lenye madhara makubwa zaidi, kwa maoni ya mwandishi, ni kumchanganya nzi wa maua na nzi wa matunda. Mnamo mwaka wa 2003 nzi wa matunda kutoka Asia, ambaye sasa hutambuliwa kwa jina la Bactrocera dorsalis, aligunduliwa nchini Kenya na baadaye akaenea sehemu kubwa ya bara hili. Tangu wakati huo wakulima wa maembe na maparachichi wamefundishwa kumwogopa nzi yeyote mwenye rangi ya manjano na kahawia. Lakini nzi wa matunda hutembea juu ya tunda, haelei mbele ya ua. Bawa lake lina utepe mweusi kwenye ukingo wa mbele, na jike ana kichomeo nyuma ya tumbo cha kutagia mayai ndani ya tunda. Anayemkuta mdudu juu ya ua akilamba chavua hana sababu ya kumwekea mtego.

SPISHI ZA NYANDA ZA JUU

Mgeni katika uwanja huu asianze na spishi. Aanze na jenasi, kwa kuwa spishi nyingi za Afrika hazitofautishwi kwa macho matupu. Jenasi chache zimeenea mno katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, na mtu anayezijua ataweza kulitaja kundi la sehemu kubwa ya nzi wa maua anaowakuta shambani.

Wa kwanza ni Ischiodon aegyptius, ambaye pengine ndiye anayejulikana zaidi miongoni mwa wale wanaokula vidukari barani Afrika. Urefu wake hufikia takriban sentimita moja. Uso ni wa manjano, kifua ni cheusi chenye ukingo wa manjano kila upande, na tumbo jeusi lina alama za manjano zilizopangwa jozi jozi. Dume ana mwiba mdogo kwenye pingili iliyo karibu na kiungo cha paja la mguu wa nyuma, na mwiba huo ndio uliompa jina.

Betasyrphus adligatus huonekana mweusi zaidi, milia yake ikiwa ya manjano yaliyofifia, na macho yake yana vinyweleo vifupi vinavyoonekana kwa kioo cha kukuza. Allograpta ni mwembamba. Karibu na mwisho wa tumbo lake ile milia ya kawaida hugeuka kuwa mistari ya wima na ya mshazari. Asarkina ana tumbo pana lililobapa, la rangi ya machungwa, lenye milia miembamba meusi. Melanostoma ni mdogo, uso wake ni mweusi, na hupenda nyasi kuliko mashada ya maua makubwa. Mdogo kuliko wote hao ni Paragus, ambaye aghalabu hana urefu wa kufikia punje ya mchele; mwili ni mweusi, mara nyingine tumbo likiwa jekundu, na macho yana vinyweleo vyeupe.

Hao wote ni wa ukoo mdogo wa Syrphinae, ambao mabuu wao wengi huwinda vidukari na wadudu wengine laini. Ndio wenye thamani ya moja kwa moja kwa mkulima wa mboga.

Kundi la pili ni la wakubwa wenye umbo la nyuki. Eristalis tenax ni mnene, wa kahawia, na hufanana na dume la nyuki wa asali kiasi cha kuwatia hofu watoto. Asili yake ni Ulimwengu wa Kale, na binadamu amemsambaza karibu kila mahali. Alama zake ni tatu: mshipa wa bawa uliopinda kama kitanzi kuelekea chini, ugoko wa nyuma uliojikunja, na mistari ya vinyweleo vyeusi inayoshuka juu ya macho. Ndugu zake wa jenasi ya Eristalinus hawahitaji maelezo marefu, kwa kuwa macho yao yamechorwa. Wengine wana madoadoa, na Eristalinus taeniops ana milia ya wima machoni kama kitambaa kilichofumwa. Ni wadudu wa kupendeza kweli kweli, na anayeanza kupiga picha za wadudu hatajuta akianza nao.

Mabuu wa Eristalis huishi katika maji machafu yenye uozo: mitaro, mashimo ya samadi, madimbwi ya kando ya zizi. Wana mrija mrefu wa kupumulia nyuma ya mwili, unaorefuka na kufupika kufuata kina cha maji, hivyo huonekana kama panya wadogo wenye mikia. Mtu akiwakuta katika dimbwi la samadi asishtuke. Wanakula bakteria na uozo.

Nzi huyu ana historia ndefu. Watu wa kale katika nchi za Bahari ya Kati waliamini kwamba nyuki huzaliwa katika mzoga wa ng'ombe. Mnamo 1894 mtaalamu wa nzi, Carl Robert Osten-Sacken, alichapisha hoja kwamba waliowaona hawakuwa nyuki bali Eristalis tenax, ambaye huweza kutaga katika majimaji ya mzoga. Wasomaji wa Kitabu cha Waamuzi watakumbuka Samsoni na mzoga wa simba. Kwamba kisa hicho nacho kilitokana na kosa lilo hilo ni suala ambalo wataalamu wamelijadili, ingawa asali ya Samsoni hailiwezeshi kukubalika kwa urahisi, maana nzi hawatengenezi asali.

Ukipanda kutoka kwenye mashamba ya chai hadi ukingo wa msitu, jenasi hubadilika. Hapo ndipo pa kumtafuta Rhingia, ambaye uso wake umechongoka mbele kama mdomo wa birika na huweza kufikia mbochi katika maua yenye mirija mirefu. Hapo pia ni mahali pa jenasi ya Microdon na jamaa zake, ambao mabuu wao huishi ndani ya viota vya chungu. Mabuu hao ni wa duara, wamebapa, hawana kichwa kinachoonekana, hivi kwamba katika karne ya 19 wanasayansi wa Ulaya waliwaelezea kama konokono wasio na nyumba kabla ya kutambua kwamba ni nzi.

Wapo wachache wenye lawama. Mabuu wa jenasi ya Eumerus hupatikana katika vitunguu na viazi vinavyooza, na baadhi yao huingia katika tunguu lililo hai. Hata hivyo, mara nyingi hufuata uozo ulioanzishwa na maradhi.

BUU ASIYE NA MIGUU

Anayewatazama nzi waliokomaa pekee ameona nusu ya habari, tena nusu ndogo. Kazi kubwa katika shamba la Githongo hufanyika chini ya majani, nayo hufanywa na kiumbe ambaye mkulima akimwona humponda kwa kidole akidhani ni kiwavi.

Jike wa Ischiodon au Allograpta hutafuta mmea ulioshambuliwa na vidukari. Hutaga yai moja moja, jeupe, refu kidogo kuliko upana wake, lenye urefu wa takriban milimita moja, karibu kabisa na kundi la vidukari. Baada ya siku mbili au tatu buu hutoka.

Buu huyo hana miguu wala macho. Mbele amechongoka, nyuma ni mpana, na ngozi yake huwa na mwangaza kiasi kwamba matumbo huonekana ndani. Rangi huwa kijani, kahawia au nyeupe iliyochanganyika, na wengine wana mstari mweupe mgongoni. Hutembea kama mjusi aliyekatwa miguu, akiinua sehemu ya mbele na kuipepesa kulia na kushoto mpaka iguse kidukari. Humnasa kwa kulabu za mdomoni, humwinua juu ya jani ili asipate pa kushikilia, humfyonza mpaka ibaki ngozi tupu, kisha huitupa na kutafuta mwingine.

Kabla ya kukomaa, buu mmoja wa spishi kubwa huweza kula mamia ya vidukari. Muda wa kula huwa wiki moja hadi mbili, kutegemea joto, na katika baridi ya Githongo huenda ukarefuka kuliko ilivyo katika tambarare za chini.

Kumtofautisha na kiwavi ni jambo jepesi mtu akishaelezwa. Kiwavi wa nondo au kipepeo ana kichwa kigumu chenye rangi tofauti, ana miguu mitatu kila upande karibu na kichwa, na ana miguu mingine minene kuelekea nyuma. Hutoboa majani, na kinyesi chake ni vipunje vikavu. Buu wa nzi wa maua hana kichwa kigumu, hana mguu hata mmoja, hatoboi jani, na kinyesi chake ni doa jeusi linalong'aa kama lami. Ukiona doa hilo kwenye jani la kabichi lenye vidukari, mwindaji yuko karibu, hata kama amejificha kwenye mshipa wa jani. Wengi huwinda usiku.

Akishiba, buu hujibandika kwenye jani au shina na kugeuka pupa yenye umbo la tone la maji. Mkulima aliyeizoea huiona mara moja. Asiyeizoea hudhani ni mbegu iliyonata au kinyesi cha ndege.

Vidukari wanaowindwa si wadogo kwa hasara wanayoleta. Brevicoryne brassicae, mwenye vumbi jeupe kama unga, hukunja majani ya sukuma wiki na kabichi. Yule mweusi wa maharagwe, Aphis fabae, hushambulia machipukizi. Myzus persicae hueneza virusi vinavyokunja majani ya viazi, na ni tisho hasa kwa wanaozalisha mbegu za viazi katika kaunti kama Meru. Hata chai haikusazwa: kidukari mweusi, Aphis aurantii, hufyonza machipukizi machanga, hususan baada ya majani chai kupogolewa.

PAMPU INAPOINGIA SHAMBANI

Hapa ndipo kuna mgogoro wenyewe. Vidukari huzaana bila kuhitaji madume na huzaa watoto hai, hivyo kundi huweza kuongezeka maradufu kwa siku chache. Nzi wa maua huhitaji jike aliyepandwa, maua ya kumlisha, na wiki mbili au tatu za kukua. Dawa ya kuua wadudu wa kila aina ikinyunyizwa, pande zote mbili hufa, lakini vidukari wachache waliosalia hurejea haraka kuliko adui wao. Mkulima huona vidukari wengi kuliko awali na kununua dawa tena.

Kenya imekwisha kulipa gharama ya mazoea hayo. Kwa miaka mingi dimethoate ilitumiwa sana dhidi ya vidukari. Mabaki yake yalipopatikana katika mishiri na njegere zilizouzwa nje, Umoja wa Ulaya ulianza mwaka wa 2013 kukagua asilimia 10 ya shehena za mazao hayo kutoka Kenya, na matumizi ya dawa hiyo kwenye mboga na matunda yakapigwa marufuku nchini. Wakulima wadogo wa mishiri, ambao ni wengi katika sehemu za Meru na Embu, ndio walioumia kwanza.

Kwa hivyo ushauri unaofaa ni kukagua upande wa chini wa majani kabla ya kuchanganya dawa. Kama kuna mayai meupe, mabuu wasio na miguu na pupa za umbo la tone, subira ya siku chache huenda ikaokoa pesa. Kama hakuna mwindaji yeyote na vidukari wanaongezeka, hapo mkulima ana haki ya kuchukua hatua, akianza na isiyodumu shambani, mathalani maji ya sabuni kwenye sehemu zilizoshambuliwa pekee. Akilazimika kutumia dawa kali, anyunyize jioni nzi wakiwa wamepumzika, na asinyunyizie maua.

Maua ni hoja nyingine. Nzi waliokomaa hawali vidukari. Hula mbochi na chavua, na jike asiyekula chavua hana protini ya kutengeneza mayai. Shamba la majani chai hukatwa machipukizi mara kwa mara na halichanui, hivyo halimpi chochote. Kinachomweka Githongo ni vichaka vya mipakani, alizeti mwitu inayopandwa kama ua wa boma, dania iliyoachwa ikachanua, na yale magugu ambayo mkulima safi huona aibu kuyaacha. Mistari miwili ya dania kando ya kabichi haigharimu mengi, na ukubwa wa maua yake unafaa midomo mifupi ya nzi hawa.

Wanapohama ua moja hadi jingine hubeba chavua pia, ingawa hawana vikapu miguuni kama nyuki. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2020 na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Exeter na wenzao ulikadiria kwamba nzi wa maua hutembelea angalau asilimia 72 ya mazao ya chakula yaliyochunguzwa, yenye thamani ya takriban dola bilioni 300 za Marekani kwa mwaka. Mwaka mmoja kabla yake, watafiti waliotumia rada kusini mwa Uingereza walitangaza kwamba hadi nzi wa maua bilioni 4 huvuka anga ya eneo hilo kila mwaka wakihama. Ni idadi inayomfanya mtu aangalie mbinguni kwa jicho jingine.

Afrika Mashariki haikukosa watafiti wake. Mjerumani Heinz Schmutterer, ambaye umaarufu wake mkubwa ulitokana na mwarobaini baada ya kuona nchini Sudan mwaka wa 1959 kwamba nzige waliuacha mti huo pekee, alifanya pia uchunguzi kuhusu nzi wa maua wanaokula vidukari katika ukanda huu, na akauchapisha katika miaka ya 1970. Jijini Nairobi, kituo cha kimataifa cha icipe, kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka wa 1970, kimeendeleza elimu ya wadudu wa mazao, nayo Makavazi ya Kitaifa huhifadhi mikusanyo ya wadudu. Nchini Ubelgiji, Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati yaliyoko Tervuren yamekuwa kitovu cha utambuzi wa nzi wa maua wa Afrika, kupitia kazi za wataalamu kama Marc De Meyer na Kurt Jordaens. Juzuu ya tatu ya mwongozo mkuu wa nzi wa Afrika, iliyotolewa Afrika Kusini mwaka wa 2021, ina ufunguo wa kutambua jenasi zao.

JINSI YA KUWACHUNGUZA

Vifaa ni vichache: simu yenye kamera, kioo cha kukuza, daftari na kalamu. Wakati bora ni kati ya saa tatu na saa sita asubuhi, jua likiwa limepasha maua joto lakini upepo haujakaza. Siku ya manyunyu haina faida. Mwisho wa mvua za vuli, kati ya Desemba na Januari, na tena mvua za masika zinapopungua, maua huwa mengi na nzi vivyo hivyo.

Usimkimbize mdudu. Simama kando ya ua moja kwa dakika kumi na kivuli chako kisianguke juu yake. Dume anayelinda eneo lake hurudi mahali pale pale. Piga picha nne: ya mgongo, ya ubavu, ya uso na ya bawa lililonyooshwa. Picha ya mgongo pekee, ambayo ndiyo wengi huipiga, humnyima mtaalamu rangi ya uso na mishipa ya bawa, na bila hivyo hawezi kutaja zaidi ya familia. Katika spishi nyingi macho yakikutana juu ya kichwa ni dume, yakiachana ni jike. Andika tarehe, mahali, mmea, na kimo kutoka usawa wa bahari kama simu inakionyesha. Picha hizo zaweza kutumwa katika mtandao wa iNaturalist, ulioanzishwa mwaka wa 2008, ambako wataalamu wa nchi mbalimbali huzikagua bila malipo.

Kwa walimu wa shule na wanafunzi kuna njia nyingine inayofunza zaidi. Kata jani lenye pupa, litie ndani ya chupa safi, weka kipande cha karatasi chenye unyevu kidogo, funika kwa kitambaa chepesi na uiweke kivulini. Bandika tarehe na jina la mmea. Baada ya wiki moja au mbili nzi atasukuma kifuniko cha ncha nene ya pupa na kutoka akiwa amefifia, mabawa yakiwa yamekunjamana. Mwache saa kadhaa rangi zikolee kabla ya kumpiga picha na kumfungulia. Pupa ikipasuka kwa tundu la mviringo lililotafunwa, kilichotoka ni nyigu mwembamba, huenda Diplazon laetatorius, ambaye hutaga ndani ya yai au buu wa nzi wa maua na kumla akiwa hai. Huyo naye aandikwe daftarini, pamoja na tarehe.